Tuta Tupu

Mti wa mwisho wa aina yake ulikuwa nyuma ya ofisi ya kitalu chetu. Mkurugenzi aliukata ili magari ya wageni yapate pa kuegeshwa, kisha akasimamisha palepale bango pana: OKOA MITI YA ASILI. Bahati nzuri nilikuwa nimeshaokota kokwa zake zote, makopo mawili. Zaidi ya hizo hakuna.

"Kitabu cha miche kinasema maji ya moto," Mkurugenzi aliniambia, akabeba kopo moja.

Kitabu kinasema uchemshe maji, uyaepue, ndipo utie mbegu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ukurasa ule niliusoma mpaka chini. Yeye aliishia kwenye kichwa cha habari. Alizipika kokwa kwenye jiko la ofisi mpaka zikalainika, akazipanda kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, pale getini.

Za kopo langu nilizisugua moja moja kwenye kizingiti cha saruji, upande mmoja tu, mpaka ganda gumu likabadilika rangi, maji yapate pa kupenya. Nikaziloweka, nikazifukia kwenye tuta nyuma ya stoo. Juu nilitandaza majani makavu. Mbolea yake ni maganda ya jikoni niliyoyaozesha mwaka mzima, na maji ni yale ya kuoshea mboga.

Mwezi wa nne tangu nizifukie ukafika, hakuna kilichochomoza. Mlinzi wa geti hakuniacha.

"Mama Kokwa, bado hujajifungua tu?"

"Bado, kaka."

"Basi hiyo si mimba, ni uvimbe. Nenda hospitali."

Viriba vya Mkurugenzi navyo vilinuka wiki mbili, vikanyamaza. Jumatatu akapata habari kwamba Alhamisi, saa nne, mfadhili anakuja kukagua. Akaja mbio kwenye tuta langu.

"Binti, maua yanaletwa Alhamisi asubuhi. Yakifika tu, fukua hapa uyapande."

"Bosi, kokwa kama hizi hakuna nyingine duniani."

"Mgeni haoni kilicho chini, binti. Anaona kilicho juu."

Alhamisi nilimkuta getini amepiga magoti na suti yake, anachomeka kwenye viriba vijiti alivyokata kwenye miti ya uzio, majani mabichi juu. Mia mbili hivi. Kwa kweli vilipendeza.

Maua yakachelewa, mgeni akawahi. Alikuwa bibi wa makamo aliyevaa viatu vya mvua, hataki soda, hataki hotuba. Alishika mche mmoja, akauinua. Ukatoka wote, chini umekatwa kwa kisu.

"Huu mbona hauna mizizi?"

"Hii ni ya kisasa, mama," Mkurugenzi alijibu. "Ile ya zamani ilikuwa inaanza na mizizi. Sisi tumegeuza."

Mlinzi alishikwa na kikohozi, akaenda kukimalizia nje.

"Na kule nyuma ya stoo?" mgeni aliuliza, tayari anaelekea huko.

"Kule hakuna kitu, mama. Kunasubiri maua."

"Kuna kokwa," nilisema. Kisha nikakumbuka adabu. "Shikamoo, mama. Naomba usikanyage."

"Marahaba. Nionyeshe moja."

Nilipangua udongo kwa kidole. Kokwa ilikuwa imepasuka, kijizizi cheupe kimechungulia na kujikunja. Mimi mwenyewe sikuwa nimejua. Miezi minne nilikuwa namwagilia kwa ubishi tu.

Mgeni alichuchumaa pale muda mrefu kuliko alivyosimama getini.

"Tuta hili asiliguse mtu," alisema. "Nitarudi kuliona."

Jioni Mkurugenzi alikuja mwenyewe na nyundo. Alihamishia bango lake kwenye tuta langu, na chini ameongeza kwa rangi ambayo haijakauka: MRADI WA MKURUGENZI.

"Na wewe unamwangalia tu?" mlinzi alininong'oneza.

Nilimwangalia tu. Miche michanga haivumilii jua la mchana, na bango lile ni pana. Nilimwomba Mkurugenzi alisogeze kidogo, likae upande wa jua la saa tisa. Alifurahi, akalisogeza. Alidhani nataka lisomeke vizuri.