Sufuria ya Kukunja

Waceke aliiweka mezani ikiwa bapa kama sahani. Akavuta ukingo wake kwa vidole viwili, ikainuka ikawa sufuria. Akaibonyeza, ikawa sahani tena. Kitako chake kilikuwa cha alumini, kuta zake za mpira mwekundu.

"Umeona hiyo?" alisema. "Inaingia hata kwa mfuko wa koti."

Wabuge aliichukua, akaikunja na kuikunjua mwenyewe. Kibandani kwa Waceke, nyuma ya soko la mitumba la Eldoret, kulining'inia hema, mifuko ya kulalia na buti za wageni waliokuja kufanya mazoezi ya kukimbia, wakauza mizigo yao kabla ya kurudi kwao.

"Na unaenda kupika nini, kijana yangu?"

"Ugali."

Waceke akacheka mpaka akashika meza. "Ugali! Hapana, hii ni ya chai. Ya hizo tambi zenu za dakika mbili. Shika hii." Akamtolea nyingine, ya alumini nene, yenye mkono unaolazwa ubavuni. "Ni nzito kidogo, lakini itakuvumilia. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Sasa nani atakushikia sufuria ukisonga?"

Damu ikampanda Wabuge usoni. Katika maswali yote ya Eldoret, mama huyu alikuwa ameokota hilo.

Kila Pasaka, tangu walipokuwa skauti shuleni, Wabuge na kaka yake Stephen walipiga hema katika msitu wa Kaptagat. Walikuwa na mawe matatu na sufuria moja nyeusi isiyo na mkono. Stephen alichuchumaa akaibana kwa vijiti viwili, Wabuge akasonga. Waligombana kuhusu maji, kuhusu unga, kuhusu nani aoshe, kisha wakala kimya wakitazama moshi. Halafu Stephen akaoa, akapata kazi ya ualimu katika mji wa Burnt Forest, na sufuria ikaenda naye katika gari la mizigo pamoja na makochi.

Krismasi iliyopita walikutana nyumbani Webuye. Nyama zilikuwa zimeiva, wajomba wameketi, na Stephen alikuwa amesimama katikati yao akiwachekesha.

"Huyu Wabuge wetu, bila mimi angekufa njaa kule msituni," alisema. "Anasonga, sawa. Lakini ugali ni wa anayeshika sufuria!"

Wajomba walicheka. Hata mama yao alicheka, akijipangusa machozi kwa leso. Wabuge aliweka sahani yake chini.

"Pasaka nitakutumia picha ya ugali niliosonga peke yangu," alisema. "Utaula kwa macho."

"Tuma," Stephen akajibu. "Tuma na ya mboga."

Jioni ileile Wabuge alirudi Eldoret, kwenye chumba chake na kazi yake ya kuuza mbegu na dawa za mifugo. Hakumpigia Stephen simu. Stephen naye hakupiga. Angeweza kuomba ile sufuria nyeusi kwa ujumbe wa maneno matatu, lakini mtu haendi kumwomba mpinzani wake silaha.

"Nipe nyekundu," alimwambia Waceke.

"Kijana, pesa ni yako. Lakini na tumbo pia ni lako."

"Nyekundu, Mama."

"Haya. Moto usipande pembeni, huo mpira utaungua." Akaifunga katika gazeti, bado akitikisa kichwa.

Wabuge aliipenda kwa sababu moja aliyomficha Waceke: ilikuwa nyepesi kana kwamba haipo. Aliiona kuwa ni sufuria ya mtu asiyehitaji mtu. Alipokuwa akifunga begi Ijumaa Kuu, kila kitu kiliingia, hema, unga, meko ndogo ya gesi. Mwiko tu ndio uliokataa. Ulibaki umechomoza juu ya zipu.

Kesho yake bodaboda ilimshusha pale miti inapoanza. Mwendeshaji, kijana aliyeitwa Kipyego, alitazama mwiko, akatazama barabara tupu.

"Wenzako wako wapi, boss?"

"Wametangulia."

"Basi wasikumalizie chakula," Kipyego alisema, akageuza pikipiki.

Wabuge alipiga hema mahali pao pa siku zote, kando ya mkuyu ulioanguka. Lilikuwa hema la watu wawili. Alilala upande wake kujaribu ardhi, kisha bila kufikiri akaweka begi upande wa Stephen ili pasionekane patupu. Kundi la wakimbiaji likapita njiani, likamsalimia kwa mikono bila kupunguza mwendo. Alisikiliza viatu vyao mpaka vikaisha. Baada ya hapo palikuwa na baridi na ndege mmoja tu.

Kabla jua halijazama aliwasha meko. Akaegemeza simu kwenye gogo, akabonyeza kurekodi, maana picha peke yake Stephen angesema ni ya mtu mwingine. Maji yalichemka vizuri. Unga wa kwanza ukaingia vizuri. Wabuge akaitazama kamera, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kura.

Unga wa pili ndio ulioleta maneno. Ugali ukishakuwa mzito haukorogwi tena, unakandamizwa kwenye ukuta wa sufuria, unageuzwa, unakandamizwa tena. Wabuge alikandamiza, na ukuta ukaingia ndani. Aliuvuta juu, ule wa upande wa pili ukashuka. Alishika ukingo kwa mkono wa sweta, mpira moto ukateleza, meko ikayumba, na kitu chote kikalala ubavu polepole, kama ng'ombe anayechoka. Uji mzito ukamwagikia nyasi. Moto ukazimika.

Aliokoa kilichobaki. Hakikuwa ugali. Kilikuwa uji wenye madonge. Aliunywa kwa mwiko, akichuchumaa, kwa sababu kijiko alikuwa amesahau.

Kisha akachukua simu afute ile video. Kabla ya kuifuta aliitazama. Alijiona akisonga, akajiona akipambana na mpira mwekundu, na pale sufuria ilipoanza kulala akasikia sauti yake mwenyewe, kali, ya mtu aliyezoea kusema hivyo:

"Shika hapo, Ste! Shika vizuri!"

Hakukumbuka kabisa kuwa alisema. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kwenye video, hakuna aliyeshika.

Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kufuta kwa muda mrefu. Aliwawazia wajomba wakipokezana simu, wakicheka mpaka machozi. Halafu akaituma kwa Stephen, nzima, bila kukata, na chini yake akaandika: "Kuja na sufuria. Niko hapa mpaka Jumatatu."

Alama moja tu ya tiki ikatokea, ujumbe haujafika. Mtandao haukufika bondeni. Wabuge akavaa koti, akapanda mteremko kati ya misonobari, simu ikiwa imeinuliwa mbele yake, mpaka alipoona taa za Eldoret kwa mbali. Alama ya pili ikaingia. Akaketi kwenye kisiki, mikono kwapani, akangoja.