Isale kwa Mchora Katuni

Salvina alikuwa juu ya stuli, anamalizia kope za mwanamke kwenye bango la saluni, mdogo wake Primus alipoingia karakanani kwa dada yake, mtaa wa Njoro mjini, ameshika jani la isale lililopigwa fundo.

"Shuka kwanza, dada."

"Rangi itakauka vibaya. Sema tu."

"Hili limetoka nyumbani."

Salvina akadhani ameshaelewa. Miaka kumi na zaidi mama yao alikuwa akimsihi apeleke isale kwa Baba Mkubwa Sylvanus, yaishe. Kwao mlimani, aliyekosewa akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Lakini anayelipeleka, kwa kulishika tu, amekiri kosa. Ndiyo maana hakuwahi kulishika.

Mwaka 1988 alikuwa darasa la sita kule Kilema. Magazeti ya katuni yalimfikia vipande vipande, mama akitoka sokoni Himo, yamefungiwa karanga au dagaa. Jambazi anaruka ukuta, ukurasa umechanika, mtu anabaki hewani wiki nzima. Salvina akashindwa kuvumilia. Akaanza kuwashusha mwenyewe, kwa penseli, nyuma ya kurasa za kalenda za zamani. Baadaye akachoka kumalizia hadithi za wengine, akamtunga Mama Mkungu, aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani na kupiga watu mateke bila kuudondosha. Wasichana wa kijijini walizisoma wakienda kukata majani ya ng'ombe, wakanyang'anyana mpaka karatasi zikalegea kama kitambaa.

Siku moja akamchora Mama Mkungu akipanda hadi kwenye banio la mfereji, maji yanapofungwa na kufunguliwa, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga, na kumfungulia maji mjane aliyenyimwa zamu. Mzee aliyelinda banio hakupewa jina. Alivaa tu koti refu na kofia, na kijiji kizima kilijua koti lile ni la nani. Baba Mkubwa ndiye aliyesimamia mfereji.

Alipokuja nyumbani kuziulizia katuni hizo, Salvina alizileta zote mbio. Alidhani amekuja kusoma. Na kweli alisoma, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi alipolifikia koti lake. Kisha akazitia zote motoni, kati ya mafiga.

"Kamwombe radhi," baba yake akasema.

"Kwa kosa gani?"

Alichapwa. Hakwenda.

"Sipeleki," alimwambia Primus sasa, brashi ingali mkononi. "Mwambie mama sipeleki."

"Nani kasema upeleke? Wewe nawe! Limeletwa kwako. Baba Mkubwa ndiye kalituma."

Salvina akashuka.

"Hatoki kitandani siku hizi," Primus alisema. "Kaniita, kasema, mpelekee yule mtoto, nilimchomea kazi yake. Halafu akaanza kucheka peke yake. Kasema kuna teke moja linamchekesha mpaka leo."

"Kumbe alicheka?"

"Kasema alicheka."

"Akacheka, na bado akachoma."

Primus alisogea karibu. Akamnyooshea jani. "Huwezi kulikataa, dada."

"Najua." Salvina akajifuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mezani mbali na rangi. "Mwambie nimepokea. Sina kinyongo naye."

"Afadhali! Mama leo atalala."

"Sijamaliza. Nimesamehe kuchoma, sijakubali zibaki majivu. Mama Mkungu anarudi. Banio linarudi. Na mzee wa koti anarudi."

"Salvina! Mtu anaumwa!"

"Ndiyo maana naanza leo. Nataka azisome mwenyewe, wewe ukimshikia. Na zamu hii nitaandika jina."

"Watasema umemtukana mgonjwa."

"Waseme. Walisema nikiwa na miaka kumi na tatu, nikalala njaa, na kesho yake nikatafuta penseli nyingine. Wanifanye nini sasa, mimi mwenye karakana yangu?"

Akaligeuza bango la saluni likatazama ukuta, akatandika karatasi ya manila, akasogeza ndoo tupu kwa mguu.

"Kaa hapo. Geukia dirishani."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Pua mmechukua ile ile, wewe na Baba Mkubwa. Kunja uso, kana kwamba mwanamke anakusogelea bila hodi."

Primus alinung'unika kwamba laana itamwangukia yeye na si mchoraji. Lakini aliketi, akageuka, akakunja uso, na Salvina akaanza na pua.