Diski ya Kabrasha la Viwanja

Saa mbili na nusu asubuhi, mkuu wa ofisi ya ardhi alimwagiza fundi wa kompyuta afute kabrasha la viwanja vya zamani. Fundi alilifuta mara tatu. Kila alipolifungua tena, faili zote zilikuwemo, zimepangwa vizuri.

Akaamua kuitafuta diski yenyewe. Kabrasha ni mlango tu. Programu hupita hapo bila kujua nyuma yake kuna diski gani, mpaka iiulize mashine. Jina la diski halitoshi, maana huweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Kinachobaki ni namba ya utambulisho. Fundi aliuliza, akapewa namba. Haikuwa ya diski yoyote katika kabati la mashine za ofisi. Ilikuwa namba ya ajira ya mtunza kumbukumbu aliyeachishwa kazi mwaka uliopita, ambaye wote walimwita Mama Faili.

Fundi akamfuata nyumbani. Alimkuta uani akisuuza nguo, huku akitaja polepole majina, namba za viwanja na mipaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyekuwa ukinifuta tangu asubuhi? Kichwa kinaniwasha."

Fundi akamwomba radhi. Mama Faili alisema hana kinyongo. Siku alipokataa kusaini kwamba viwanja vile havikuwa na wenyewe, diski ya zamani ilivunjwa kwa nyundo mbele yake, na yaliyokuwemo yalihitaji mahali pa kukaa.

Mkuu alisoma taarifa ya fundi, akauliza kama huyo mama anaweza kuchomolewa. Alipoambiwa haiwezekani, akaagiza diski mpya, tupu, iunganishwe juu ya kabrasha lile lile, ili atakayelifungua asione kitu. Fundi alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Akaiunganisha.

Jumatatu alikuja kinyozi kuulizia kiwanja cha marehemu baba yake. Karani alifungua kabrasha, akamwambia hakuna kumbukumbu. Fundi akamfuata hadi getini, akamwelekeza kwa Mama Faili.

Kinyozi alisomewa yote: jina la baba, hatua arobaini kwa ishirini na tano, mtaro upande wa mashariki. Aliomba asomewe tena, taratibu, akanakili.

Kisha akapita kukitazama kiwanja. Juu yake lilisimama jengo jipya, na mafundi walikuwa wakipaka rangi ghorofa ya tatu. Mlinzi akamuuliza ana shida gani.

"Sina," alisema kinyozi, akahesabu hatua arobaini kando ya ukuta, akaenda kufungua kibanda chake.