Mtabiri wa Wachelewaji

Kazini walimwita Mtabiri, na jina hilo lilimkaa kama shati la kushonesha. Kazi yake ilikuwa kukisia ni abiria wangapi wataikosa ndege waliyokwisha kuilipia, ili kampuni iviuze viti vyao mara ya pili. Huyu atakwama njiani, yule atasahau pasipoti mezani, mwingine atagombana na mkewe mlangoni. Hakuwajua kwa sura. Aliwajua kwa idadi. Ndege ya saa sita mchana, siku ya Alhamisi: watakosa wanne. Basi akauza viti vinne vya ziada, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuumbuka.

Ndiyo maana alimwambia dada yake kwa kifua kipana, "Usikimbizane, dada. Kunywa chai yako, uje taratibu. Kiti kipo."

Dada alikuwa muuguzi. Alikuwa ameomba kazi ng'ambo mara nne, na mara ya nne akaitwa. Alitakiwa kuripoti Ijumaa saa mbili asubuhi. Asipotokea, anaitwa anayemfuata kwenye orodha. Na ndege ya kwenda huko ilikuwa moja tu kwa siku.

Alhamisi ya safari ya dada wakaja abiria wote. Walikuja kama waliopigiwa mbiu, hata wale wa kuchelewa kila siku. Watatu kati ya wanne waliokosa viti walikubali kusafiri kesho yake wakilipiwa hoteli. Wa nne, aliyefika taratibu kama alivyoambiwa, alibaki langoni na begi lake, hana kiti.

"Mtabiri, leo ramli imekugeuka," alisema mama wa langoni, ambaye wote walimwita Shangazi.

"Shangazi, usinitanie. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja."

"Najua, ndiyo maana nakutania badala ya kukuzaba kofi. Sikiliza. Abiria wa kiti kumi na saba C amejiandikisha, ila hajaonekana hapa langoni. Hana mzigo ndani ya ndege, begi la mkononi tu. Bado dakika kumi. Asipotokea, dada yako anapanda."

Dada alimtazama tu mdogo wake jinsi alivyomtazama zamani akivunja kikombe.

Mtabiri hakuweza kukaa. Akaenda hadi dirishani, akarudi. Akatazama saa, akaitazama tena kabla haijasogea. Kila kiatu kilichogonga sakafu kilikuwa cha yule wa kumi na saba C. Mwishowe akaona heri amtafute mwenyewe, ahakikishe kwamba hayupo. Akachungulia msalani. Akapita duka la manukato. Akafika mgahawani, na nyuma ya nguzo akamkuta.

Mwanamume wa makamo, amelala fofofo, kichwa kimeegemea ukuta, masikio yamezibwa na visikizio. Pasi ya kupandia ilichungulia mfukoni mwa shati: 17C. Alivaa viatu vipya. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kwenye soli.

"Abiria wa mwisho wa ndege ya saa sita, fika langoni," kilisema kipaza sauti.

Mkono wa Mtabiri ulinyooka hadi karibu na bega la yule mtu, ukarudi. Ukanyooka tena. Mara ngapi alisimama mkutanoni akisema wachelewaji ni wazembe, wamejitakia? Huyu hapa mzembe wake, mdomo wazi, anakoroma kama mtoto. Kumgusa tu. Kidole kimoja. Hakumgusa.

Simu ikalia. "Mdogo wangu, wananiita!" Dada alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Nimepata! Uko wapi, nikuage?"

"Panda, dada. Wasije wakakufungia mlango. Niko kazini."

Akavuta kiti, akaketi mbele ya yule mtu. Nje ndege ilisogea, ikakata kona, ikanguruma, ikaondoka. Naye angeweza kwenda zake. Hakuna aliyemwona.

Saa sita na nusu yule mtu akafumbua macho, akavuta visikizio. "Samahani, kaka. Ile ya saa sita wameshaita?"

"Imeondoka."

"Acha mzaha!" Akainuka, begi likaanguka. "Leo saa kumi wanamtoa mdogo wangu gerezani. Sina usingizi siku mbili kwa furaha. Hana mtu mwingine wa kumpokea, kaka! Hivi hapa pote hakuna hata mmoja wa kuniamsha?"

Mtabiri akasimama naye.

"Nilikuwapo mimi," alisema. "Nilikuona umelala. Nikaiona pasi yako, nikajua ni wewe wanayekuita. Nikakuacha. Dada yangu ndiye amekaa kwenye kiti chako."

Yule mtu akakunja ngumi.

"Unaitwa nani wewe?"

Mtabiri akavua kitambulisho shingoni, akamkabidhi asome mwenyewe.