Mara ya Kumi na Moja

James aliibuka mara ya kumi, akashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, midomo imegeuka rangi ya majivu. Mkewe Lorine, aliyeshika kamba iliyomfunga mumewe kiunoni, alimwona akikitazama kizimba cha samaki kana kwamba hajawahi kukiona. Wavu wa chini, aliokuwa akizamia kuushona, ulikuwa umechanika, na samaki wa kampuni walikuwa wakitorokea Ghuba ya Karungu.

Kichwa kilikuwa kikimgonga James tangu mara ya tano. Wiki iliyopita maumivu hayo hayo yalimpeleka zahanati. Huko nesi Leonida alimweleza kwamba mtu akibana pumzi, hewa chafu ya kaboni hubaki mwilini. Asipopumzika vya kutosha juu, inajilimbikiza, inamlevya, mwisho inamzimisha. Akamwandikia karatasi: apumzike dakika tano kila anapoibuka. Msimamizi Bogonko aliisoma yote, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Mitungi ya kupumulia ilikuwa imeahidiwa tangu mwaka juzi.

"Bosi, ningoje kidogo." Maneno yalimtoka James yakiburuzika.

"Nimekungoja dakika nzima," Bogonko alisema kutoka mashua ya pili, bila kupandisha sauti. "Kama umechoka, sema tu. Nimpigie nani simu?"

James alimtazama Lorine. Wote wawili waliwajua wanaume waliokuwa wakiingoja simu hiyo ili wapate kazi yake. Akajaza kifua, akazama.

Lorine alihesabu kimoyomoyo. Kamba ilitikisika, kisha ikalegea. Alipoanza kuvuta, Bogonko alimwambia amwache mtu afanye kazi. Akavuta hata hivyo. James alikuja juu mzito, uso chini, sindano ya kushonea wavu imekwama vidoleni.

Hospitalini karani aliuliza chanzo cha kifo. Bogonko alimwahi Lorine kujibu: marehemu hakuwa mwogeleaji hodari, na asubuhi alionekana kama amekunywa. Lorine alisema mumewe hajawahi kuonja pombe, kanisa zima linajua. Akataja karatasi ya nesi.

"Karatasi gani, shemeji?" Bogonko aliuliza kwa upole.

Karani akaandika: kufa maji.

Kesho yake Lorine alishuka ufuoni kuchukua nguo za James. Wanaume saba walikuwa wamesimama ziwani, maji kifuani, mmoja wao Gordon, mdogo wake James. Mtu wa kampuni akapuliza firimbi, wote wakazamisha vichwa, naye akaitazama saa yake. Wa kwanza kuibuka aliambiwa kazi hajaipata, aende nyumbani. Kisha wa pili. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakikohoa.

Gordon alikuwa bado chini.