Bi Hajra na Harusi ya Mlingotini

Bi Hajra alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini hakuna harusi ya maana Bagamoyo iliyopikiwa pilau na mtu mwingine. Alifuatana na mwenzake, Mosi, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha mchele, kukata vitunguu na kuvumilia amri.

Jumamosi moja walikuwa Mlingotini, kwenye harusi ya watu mia tatu. Saa nne asubuhi, vitunguu vikiwa ndiyo kwanza vinageuka rangi, taya lilianza kumuuma Bi Hajra. Akadhani ni jino. Mara mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho la baridi likamtoka, na kichefuchefu juu yake. Akalaumu moshi, kisha akalaumu chapati alizokula njiani. Mosi alimsihi akae kidogo. Alijibiwa kwamba nyama haijikaangi yenyewe.

Bahati nzuri, miongoni mwa wageni alikuwepo Paskalina, nesi mstaafu ambaye mji mzima humwita Sista. Alikuja jikoni kuomba maji ya kunywa, akamkuta Bi Hajra amepauka, ameegemea mwiko kama mkongojo. Akamkalisha mkekani, akamshika mkono, akamuuliza maswali mawili matatu. Kisha akatoa aspirini mkobani, akamtafunisha, na kuagiza gari.

"Sista, siendi popote," Bi Hajra alisema. "Wali haujapaliwa makaa."

"Huo ni moyo, Bi Hajra," Paskalina alimjibu taratibu. "Wali ataupalia Mosi."

Bi Hajra mwenyewe husimulia kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli.

Gari lililokuwa karibu ni la bwana harusi, limeshapambwa riboni na maua ya plastiki. Ndilo lililomfikisha hospitali ya Bagamoyo, watu njiani wakimpungia na kumpigia vigelegele. Walimpima moyo, na bila kupoteza muda wakamwahisha Dar kwa gari la wagonjwa. Alasiri hiyohiyo madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wakazibua palipoziba, wakaacha kichuma kidogo cha kuushikilia mshipa usizibe tena.

Kesho yake daktari alimweleza kwamba angengoja wali uive, huenda wasingezungumza. Bi Hajra aliitikia kwa adabu. Daktari alipoondoka aligeukia ukutani, akalia kimyakimya ili mumewe, Dadi, asimwone. Dadi alimwona. Alimfunika khanga miguuni, akakaa.

Siku ya tatu alikuja Mosi. Baada ya salamu na pole, alieleza kwamba watu walikula pilau mpaka wakaomba ukoko.

"Ulitia nini?" Bi Hajra aliuliza, moyo mpya na wivu uleule.

"Sijui, dada. Nilikuwa nalia. Nilijua umekufa, nikawa natia tu."

Bi Hajra alimshika mkono. Kisha akamwambia ahsante, neno ambalo Mosi hakukumbuka kuwahi kulisikia kutoka kwake.

Nyumbani, Dadi, fundi baiskeli, alishika jiko. Alificha chumvi juu ya kabati na kupika mchicha wenye ladha ya maji ya moto. Bi Hajra alikula. Dawa alimeza kwa saa zake. Kilichomshinda ni hofu: kila gesi ilipomchoma kifuani alijua mambo yamerudi. Aliporudi kliniki aliambiwa kwamba hofu ile huwapata wengi, asiifiche, na atembee.

Wakatembea, yeye na Dadi, kila asubuhi. Siku ya kwanza waliishia kwenye geti la jirani. Mwezi wa pili walifika sokoni, Bi Hajra akikosoa mapishi ya kila nyumba kwa harufu tu.

Mwezi wa nne, daktari aliporuhusu, alikwenda kupika Makurunge. Sufuria ya kwanza aliipika mwenyewe. Katikati ya ya pili alihisi uchovu, akamkabidhi Mosi mwiko, akatafuta kiti kivulini bila kuambiwa na mtu. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza kuuliza bibi harusi ni binti wa nani.