Nafasi ya Kitanda

"Simama hapo hapo, Mama! Umekanyaga mto."

Mama aliinua mguu taratibu, kama aliyeonywa kuhusu mtoto aliyelala. Chini palikuwa na sakafu tupu. Lakini kwenye kamera ya simu ya bintiye, mpiga msasa wa karakana ya samani, kitanda cha mbao nyekundu kilijaa chumba hiki hiki cha kupanga, shuka nyeupe pepepe, na Mama amezama ndani yake hadi magotini.

"Mimi nakanyaga saruji. Huo mto uko kichwani mwako."

"Uko dukani. Wanakuonyesha kwanza kama kitaenea, ndipo uagize. Kikishaletwa hakirudi."

Kitanda kilielea kidogo, kikatulia chini ya dirisha. Binti alikifahamu. Mbao zake zilifika mikononi mwake zina miiba, zikatoka laini kama shavu. Aliikumbuka pia siku ya kukipiga picha: wafanyakazi waliamriwa watoke nje, vumbi lao lisichafue kazi. Vumbi lao! Lile lile walilolimeza miaka nenda miaka rudi wakiahidiwa barakoa kesho, na hiyo kesho mpaka leo haijafika. Alinyoosha kiganja aupapase ubao wa kichwani, kama afanyavyo kabla kazi haijatoka karakana. Kiganja kikapita. Hewa.

"Unampapasa nani?" Mama akacheka.

"Nakagua."

"Kagua njia. Mimi na fimbo yangu tutapita wapi? Nikikubana hapa, narudi kwa kaka yako."

Kwa kaka, Mama alikuwa akilala stoo, katikati ya magunia. Binti alikisukuma kitanda kwa kidole, kikaziba mlango. Akakigeuza, nusu ikazama ndani ya kabati. Alilitazama kabati kwa muda. Kisha akaiweka simu dirishani, akalikumbatia kabati, akalikokota likilia sakafuni mpaka nje ukumbini.

"Wapangaji watasema."

"Waseme. Midomo ni yao."

Aliposhika simu tena, kitanda kilikaa ukutani bila kugusa kitu.

"Pita sasa. Kushoto. Kushoto kwako, Mama, si kwangu. Haya, twende."

Fimbo iligonga, ikatafuta, ikagonga. Mama alipita kando ya shuka nyeupe, pindo la gauni likiufagia ubao bila kuutikisa, akafika mlangoni. Akageuka, akarudi njia ile ile bila kuelekezwa.

Simu ikazimika, chaji imekwisha. Chumba kikabaki na mwanga wa dirisha, na ukutani umbo la kabati, safi kuliko ukuta wote.

"Kimeondoka?"

"Kimeondoka."

Mama alijishikiza ukutani. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga pamoja juu ya saruji, pale ambapo mtu anayeamka kitandani angevikuta kwa nyayo kabla hajafumbua macho.